Barua ya wazi kwa wanaosimamia urejeshaji wa mikoko: fungueni lile tuta

KWA: Wakuu wa mamlaka inayosimamia misitu ya pwani na midomo ya mito, wakuu wa ofisi ya mazingira, pamoja na wafadhili mnaolipia upandaji wa mikoko

YAH: MIKOKO TUNAYOPANDA KILA MWAKA IKAFA, NA TUTA MLILOLIZIBA

Waheshimiwa,

Salaam na heshima zote ziwafikie huko mliko. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu tunaoishi kwenye mdomo wa mto, kuna wavuvi, kuna kina mama wanaookota chaza na kaa topeni, kuna vijana wa kitalu, na kuna wazee wachache ambao bado wanakumbuka msitu ulikuwa unaanzia wapi na kuishia wapi. Naandika hadharani manake kimyakimya tumeshaandika sana. Barua ya kwanza ikagongwa muhuri, ya pili tukaambiwa iko mezani, ya tatu tukaambiwa aliyekuwa na faili letu amehamishwa kwa hiyo tuanze upya. Tumekuja ofisini tumekaa kwenye benchi mpaka jioni, tumepiga simu, tumetuma picha. Jibu la maandishi hatujawahi kupata hata moja.

Sijataja jina la kijiji wala la ofisi. Nimeongea na wenzetu wa sehemu nyingi za pwani na wanayonisimulia ni haya haya, kwa hiyo kila ofisi itakayosoma hapa ijiangalie yenyewe.

Alafu naomba lieleweke jambo moja mapema, sisi hatupingi kurejesha mikoko. Kitalu cha kwanza tulikianzisha wenyewe kabla mradi wenu haujafika, kwa vifuko vya kuokota na maji ya kubeba kichwani. Malalamiko yetu ni kuhusu namna kazi inavyofanywa sasa, na kuhusu pengo mlilolifunga kwenye tuta la mabwawa ya zamani ya kamba, maji ya bahari yasiingie, na nitayaeleza moja moja.

1. Mnatupandisha miche mahali ambapo mti haujawahi kuota

Sehemu mnayotupeleka kila mwaka ni lile tope la mbele kabisa ambalo huliona mpaka maji yapwe sana. Najua kwa nini mnalipenda, ni kubwa, halina mwenyewe, na kwenye picha ya droni linaonekana kama uwanja unaosubiri kupandwa. Lakini mzee yeyote wa hapa angewaambia pale hapajawahi kuwa na mti, yeye hakuuona na baba yake hakuuona. Mkoko ni mti wa maji chumvi lakini sio mwani, unataka maji yaje yaulowanishe alafu yaondoke mizizi ipumue. Roy Lewis, mtaalamu wa Marekani aliyefanya kazi hii kwa miongo mingi, alieleza kuwa mikoko inaota pale ambapo maji ya bahari yanapafunika kama asilimia 30 ya muda wote, au pungufu. Lile tope letu linakaa chini ya maji sehemu kubwa ya siku, hilo halihitaji mtaalamu, mtu akae tu juu ya jiwe aangalie tangu asubuhi.

Mwaka jana, wiki ya tatu baada ya sherehe ya kupanda, nilishuka alfajiri na maji ya kupwa pamoja na mama mmoja wa kikundi tukaangalie hali. Mstari wa kwanza ulikuwa na miche 50, nina uhakika manake niliichomeka mwenyewe. Iliyokuwa imesimama ni 6. Mingine imelala ubavu, mingine haipo kabisa imebaki tundu tu imejaa maji. Na hiyo 6 ilikuwa imeshikwa na magamba, vile vijigamba vyeupe vikali vinavyoganda kwenye mawe na chini ya mashua, vimepanda kuanzia kwenye tope mpaka kwenye yale majani mawili ya juu, mche umeelemewa umeinama mpaka ncha inagusa maji. Yule mama akachuchumaa akaanza kuyabandua kwa kucha, gamba moja baada ya jingine, mpaka vidole vikaanza kutoka damu, nikamwambia basi mama inatosha, akaendelea mpaka akamaliza mche mzima. Tuliporudi maji yaliyofuata ule mche nao haukuwepo.

Ufilipino wameyapitia haya kabla yetu. Mwaka 2008 mwanasayansi wa huko, Jurgenne Primavera, na mwenzake walichapisha tathmini ya miongo miwili ya upandaji wa mikoko kwa pesa nyingi sana, wakakuta iliyoishi muda mrefu kwa kawaida ni asilimia 10 mpaka 20 tu. Sababu walizotoa ukizisoma utadhani walikuwa wamesimama kwenye tope letu. Aina isiyofaa ilipandwa mahali pasipofaa, yani mikoko ikachomekwa mbele kabisa baharini, na sehemu halisi ya mikoko ilikuwa imeshageuzwa mabwawa ya kufugia, mabwawa yana wenyewe, na tope la mbele halina wa kuligombania. Kwa hiyo watu walipanda pale ambapo hapana ugomvi, mti ukanyimwa mahali pake.

Na tena lile tope msiliite eneo tupu. Kina mama wanachimba chaza pale, ndege wa pwani wanashuka kwa mamia maji yakitoka, na upande wa chini kidogo kuna nyasi bahari ambako samaki wadogo wanakua. Siku ya kupanda tunaingia watu wengi na mabuti tunazikanyaga zile nyasi, tunachomeka vijiti juu yake. Tunaharibu makazi mazima ya viumbe kwa ajili ya kuanzisha mengine ambayo hayataishi, na hilo linatuuma kuliko hata ile miche.

2. Tuta mlilolifunga

Hapa ndipo penye kidonda, mtanivumilia nikirefusha.

Nyuma ya kijiji, upande wa bara, kuna mabwawa ya kufugia kamba. Msitu wetu ulikuwa pale. Ulikatwa, yakachimbwa mabwawa, likajengwa tuta kuzunguka ili maji ya bahari yaingie kwa lango tu, wakafuga miaka michache, ugonjwa ukaingia kwenye kamba, waliokodi wakafunga wakaondoka. Langoni kukajaa mchanga, tuta likabaki. Ndani pakakauka. Udongo wa mikoko ukikaa mkavu kwa muda unatengeneza tindikali, na ndivyo ilivyokuwa, mvua ikinyesha yale madimbwi yanakuwa na rangi ya kutu na hakuna kaa anayekaa mle. Miaka na miaka hapakuota kitu.

Alafu bamvua moja, yale maji makubwa ya bahari, ikalikata tuta. Pengo lenyewe halikuwa kubwa, mtu akinyoosha mikono anagusa pande zote mbili. Maji yakaanza kuingia na kutoka yenyewe kila siku. Sisi hatukufanya lolote, tuliangalia tu. Baada ya mvua za mwaka ule vijana wakaja mbio wananiita nikaone, nikaenda, nikakuta kando ya ule mkondo mdogo uliojichimba kuna mchu umeota, hiyo ni aina mojawapo ya mikoko, miche mifupi yenye majani ya kijivu kwa chini, kwanza ukaona kumi ukifikiri ndiyo hiyo tu, ukiinama unaona mingine, na mingine tena nyuma yake, mpaka tukaacha kuhesabu. Matundu ya kaa yakarudi. Hakuna aliyekuwa amepanda pale na hakuna aliyelipwa posho. Mbegu zilikuja na maji, zikakuta kimo kinachozifaa, zikashika.

Tukaandika barua kwenu kwa furaha. Tukaomba ruhusa tulipanue pengo lile na tukate mengine mawili upande wa kusini ambako zamani hori, yani mkondo wa maji ya bahari, lilikuwa linapita, wazee wanalijua mpaka leo. Badala ya jibu likaja trekta, likaziba pengo kwa udongo na mawe. Tulipouliza tukaambiwa eneo lina mkataba wa kukodishwa ambao haujafutwa na kwa hiyo mali ya mkodishaji inalindwa. Mkodishaji mwenyewe hatujamuona miaka yote hiyo. Ile miche ya mchu ilikauka msimu wa kiangazi uliofuata, na mwezi uleule tukaitwa kwenda kupanda kwenye lile tope la mbele.

Waheshimiwa, mimi nimekaa nalo hili sana. Mlikuwa na msitu unaorudi wenyewe bila gharama mkaufungia maji. Kule Florida, kwenye hifadhi ya West Lake karibu na mji wa Hollywood, huyohuyo Lewis na wenzake walishughulikia eneo la hekta 500 hivi kwa kurudisha kimo cha udongo na njia za maji, na mikoko ikaja yenyewe bila kupandwa. Njia hiyo imeandikwa, inafundishwa, na inasema hivi: kwanza uliza kwa nini msitu haurudi wenyewe, ondoa kinachouzuia, na kupanda kuje mwisho kabisa kama mbegu zimekosa njia ya kufika. Kwetu kinachouzuia ni tuta, na mtu akitumia siku nzima kulizunguka kwa miguu hatapata jibu lingine.

3. Mnahesabu miche iliyochomekwa, hamuhesabu iliyobaki

Ripoti zenu zinahesabu miche siku ileile inapoingia topeni. Baada ya hapo hakuna anayerudi. Bajeti imeandikwa kwa mwaka mmoja, wapandaji wanalipwa kwa idadi ya miche waliyochomeka, na kwa ajili ya kuangalia, kuondoa takataka na mwani unaoifunika, kuzuia ng'ombe wasiile, kuandika ipi imekufa na kwa nini, hakuna hata mstari mmoja wa bajeti. Sasa mtu analipwa kwa kuchomeka, atachomeka, na mwakani ikiwa imekufa atachomeka tena palepale, na kwenye hesabu zenu hiyo ni mara mbili ya mafanikio. Ukijumlisha ripoti zote mlizoandika kuhusu tope letu tungekuwa na msitu usiopitika. Nendeni mkauone.

Sri Lanka walipanda sana baada ya tsunami ya Desemba 2004. Watafiti walipozunguka baadaye kwenye maeneo 23 yaliyopandwa na kuchapisha matokeo mwaka 2017, maeneo 9 hayakuwa na mche hata mmoja ulio hai, na yaliyovuka nusu ya miche kuishi yalikuwa 3 tu. Waliandika kuwa miche ilipandwa pasipofaa na haikutunzwa. Kule angalau kuna mtu alirudi kuhesabu wafu akasema ukweli hadharani, na sisi ndicho tunachokiomba kwenu.

Halafu kuna suala la tarehe. Tarehe 26 Julai ni siku ya kimataifa ya mikoko, UNESCO waliipitisha mwaka 2015, na sisi tunaiheshimu. Lakini bahari inafuata mwezi. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu, yale madogo, yanakuja katikati, na saa za kupwa zinasogea kila siku. Mwaka mmoja wageni walifika saa nne asubuhi maji yakiwa yanajaa, ratiba ya mgeni rasmi ikawa haiwezi kubadilishwa, tukapanda tukiwa tumesimama kwenye maji ya magotini, unachomeka bila kuona chini, ukitoa mkono mche unaelea. Watoto wa shule walikuwepo, na baadhi walilia walipoona ya kwao inaondoka na maji. Nilikuwa naokota ile miche inayoelea nairudishia mikononi mwao ili wapigwe picha, na mpaka leo naona aibu kwa nilichokifanya.

4. Mnataka aina moja tu

Kitalu chetu kina mkoko wenyewe, mchu, mililana, mkandaa, muia na mkomafi, na zote kwa jumla ndizo tunaziita mikoko. Mnachukua ule mkoko wenyewe peke yake manake mbegu yake ni ndefu kama kalamu, ni rahisi kuokota na rahisi kuchomeka. Pwani yenyewe haijajipanga hivyo, kwetu mililana ndiyo inayosimama mbele inapokea mawimbi, mkoko unakuja nyuma yake kwenye kingo za mikondo, mkandaa na mchu vinashika sehemu ya juu yenye chumvi kali. Kila mti una kimo chake cha maji. Vijana wamekuza aina zote hizo kwa mwaka mzima alafu gari linakuja linapakia moja na kuacha nyingine zife kwenye vifuko.

5. Hamgusi mto

Mdomo wa mto unalishwa na mto. Hatuwezi kuzungumzia urejeshaji huku juu yetu mchanga unachotwa kwa malori usiku na mchana, huku maji machafu yanaachiwa bila kusafishwa, na huku mabwawa ya juu yanazuia tope ambalo ndilo linalojenga kingo zetu. Kila mwaka ukingo wa mashariki unakatika na sisi tunaambiwa tupande miti kuuzuia. Mti unashika udongo uliopo, usipoletwa udongo mpya mti nao utaondoka na ukingo.

Wilaya ya Demak, kisiwa cha Java kule Indonesia, wanakijiji na wataalamu walijenga nyua za mianzi na matawi baharini ili mawimbi yapungue nguvu na tope litulie, na kuna mahali tope lilitulia kweli na mikoko ikaanza kuota yenyewe. Ila ardhi ya kule inazama kwa sababu maji ya chini yanavutwa kupita kiasi, na kijiji hakina mamlaka ya kuwazuia wanaoyavuta, kwa hiyo bahari inaendelea kuwala. Nimelitaja hili kwa makusudi. Kuna sehemu ya kazi hii ambayo hata tukijituma vipi hatuna uwezo nayo, vibali mnatoa ninyi. Na mto ukiachiwa unarudisha, kule jimbo la Washington, Marekani, kwenye mto Elwha, waliondoa mabwawa mawili kati ya mwaka 2011 na 2014, mchanga na tope vilivyokuwa vimezuiliwa kwa karibu miaka mia vikashuka na ufukwe mpya ukajengeka mdomoni. Hatuombi mbomoe mabwawa ya umeme. Tunaomba kabla hamjatoa kibali kingine cha kuchota mchanga, mdomo wa mto uwe kwenye hesabu zenu.

6. Tunashirikishwa kwa kusaini karatasi ya mahudhurio

Kwenye maandiko yenu mradi wetu unaitwa mradi unaoongozwa na jamii. Jamii haikuchagua eneo, haikuchagua aina ya mti, haikuona bajeti, na haikupewa nakala ya ripoti. Tuliitwa kwenye mkutano ambao ramani ilikuwa imeshachorwa, tukaonyeshwa ukutani, tukaulizwa kama kuna swali, mzee mmoja akanyoosha mkono akasema pale mtapoteza miche yenu, akashukuriwa kwa mchango wake, tukasaini, tukapewa tisheti. Yule mzee alivua hapo kwa zaidi ya miaka 50. Angewapeleka siku moja tu na mtumbwi wake mngeokoa kazi ya miaka mitatu.

Ninachokisema kinawezekana na kimefanyika. Ghuba ya Gazi huko Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unauza hewa ukaa, yani unalipwa kwa hewa hiyo inayofyonzwa na miti, kutokana na hekta 117 za mikoko, nyingi ikiwa ni msitu uliokuwepo unaolindwa, na pesa inaingia kwa jamii ya Gazi na Makongeni ambayo yenyewe inakaa na kuamua iende kwenye maji, shule au kitu kingine. Watafiti wa taasisi ya bahari ya nchi hiyo wako nao bega kwa bega lakini maamuzi ya matumizi ni ya kijiji. Baadaye wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa eneo kubwa zaidi. Na kwa wale wanaosema watu wa kawaida hawawezi kazi ya kisayansi, waangalie nyasi bahari za Virginia, Marekani. Zilitoweka miaka ya 1930 kwa ugonjwa na kimbunga, na kuanzia mwaka 1999 watafiti wakaanza kuzirudisha, wakisaidiwa na watu wa kujitolea waliokuwa wanapiga mbizi kukusanya mbegu kila msimu. Zikasambazwa mbegu zaidi ya milioni 70, na baada ya miaka kama 20 zilikuwa zimefunika karibu hekta 3,600. Miaka 20, waheshimiwa, na kila mwaka kuna mtu alirudi kupima.

7. Tunaambiwa tukilalamika mfadhili ataondoka

Hili limesemwa mbele ya watu kwenye mkutano, na limewatia hofu kina mama ambao ile posho ya siku tatu za kupanda wanaitegemea. Ninyi wafadhili kama mnasoma, tafadhali mseme wazi kama ni kweli. Kama sio kweli basi anayelitumia jina lenu kutufunga mdomo anawakosea na ninyi.

Sasa najua majibu yatakayokuja, manake mengi nimeshayasikia kwenye benchi.

Mtasema mkataba wa yale mabwawa ni suala la kisheria. Sawa, basi lipelekwe kisheria. Masharti ya ukodishaji kwa kawaida yanataka eneo litumike, na lililotelekezwa lina utaratibu wake wa kurudishwa, Ufilipino wameliandika kabisa kwenye sheria yao ya uvuvi ya mwaka 1998 kuwa mabwawa yaliyotelekezwa yarudishwe kuwa mikoko. Utekelezaji wao umekuwa wa taratibu, hilo nalo nalijua, lakini msingi upo. Tunachouliza sisi ni kama kuna mtu yeyote ofisini kwenu ameshaandika barua moja kuanzisha mchakato huo. Trekta la kuziba pengo lilipatikana ndani ya wiki.

Mtasema mfadhili anataka namba na miche ndiyo inayohesabika. Hekta iliyofunguliwa maji nayo inahesabika. Nchi zilipokubaliana Desemba 2022 kuhusu bioanuai, lengo lililoandikwa ni asilimia 30 ya maeneo yaliyoharibika yawe yanarejeshwa ipasavyo ifikapo 2030, na hakuna sentensi pale inayosema miche. Mwandikieni mfadhili mumweleze, na kama mnaogopa kumweleza, tupeni nafasi tumweleze sisi.

Mtasema bajeti haitoshi. Kukata tuta kunahitaji majembe, watu wanaojua mkondo wa zamani, na mtu wa kupima vimo vya udongo kwa siku chache ili tusifungue vibaya tukaharibu zaidi. Majembe na watu tunao. Mtaalamu wa kupima hatuna, na tunakiri tunamhitaji, hatujawahi kusema tunajua kila kitu. Na mtasema ni mabadiliko ya tabianchi, bahari inapanda. Inapanda, tunaiona mlangoni kwetu, na ndiyo sababu eneo la nyuma ya tuta, lililo juu kidogo, lina thamani kubwa hivyo, manake msitu utakuwa na pa kurudi nyuma maji yakiongezeka.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, upandaji wote kwenye tope la mbele usimame kuanzia msimu huu, na pesa iliyotengwa isirudishwe bali ihamishiwe kwenye kupima na kufungua mabwawa.

Pili, mtuandikie hali halisi ya ule mkataba, nani ameushika, unaisha lini, na hatua gani zimechukuliwa. Wakati hilo linaendelea, lile pengo moja mlilofunga lifunguliwe kwa majaribio, kwa pamoja, mtaalamu wenu na wazee wetu wakiwa palepale.

Tatu, ripoti zote za miaka iliyopita ziwekwe wazi kijijini kwa lugha tunayoisoma, na ifanyike hesabu mpya ya miche iliyo hai, tukihesabu pamoja. Kuanzia sasa malipo yafuate kinachoishi baada ya mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano, na watu walipwe kwa kutunza na kupima.

Nne, kamati ya kijiji iwe na sahihi yake kwenye kuchagua eneo, aina ya miti na matumizi ya pesa, na nusu ya wajumbe wawe kina mama wanaofanya kazi topeni, manake wao wanashinda pale kuliko yeyote kati yetu. Na vibali vya kuchota mchanga mtoni visitolewe vingine kabla hatujasikilizwa.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Barua hii nimeambatanisha na nakala za zile tatu za mwanzo zenye mihuri yenu, pamoja na picha za ile miche ya mchu kabla pengo halijazibwa na baada yake, mziweke sambamba muone.

Bamvua ijayo, mwezi ukiandama, tutakuwa kwenye tuta kuanzia maji yanapoanza kupwa. Hatutabomoa kitu bila ruhusa, tunataka tu mje tutembee kwa miguu kutoka lango lilipokuwa mpaka hori la zamani. Mzee atakuwepo, na ameshasema mwenyewe kuwa hana kinyongo na mtu. Njooni na viatu vya tope, mwendo wenyewe hauzidi saa moja.

Kwa heshima,

Katibu wa kikundi,
kwa niaba ya wanachama wote wa mdomo wa mto